Panya Hapangi Chumba Kimoja

Ndugu jirani,

Nisamehe kwa kukuletea mazungumzo ya panya wakati pengine uko mezani, lakini jambo hili nimelikalia muda mrefu, na nikizidi kulinyamazia nitakuwa nakuficha.

Panya ni aibu ya ndani. Hakuna anayempokea mgeni kwa kumwambia, "Karibu ukae, ila ukisikia kitu kinapita darini usishtuke." Tunakohoa kidogo, tunaongeza sauti ya redio, mazungumzo yanaendelea. Mgeni naye keshasikia ila hasemi, kwa kuwa na kwake wapo. Hivyo ndivyo panya anavyostawi kwetu: analindwa na adabu zetu.

Ninakaa Dar es Salaam, katika nyumba ya Kiswahili kama unazozijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna bomba, choo na jiko la pamoja. Tupo familia sita. Kwa miezi mingi kila familia ilikuwa na vita yake na panya, na kila familia iliamini panya wanatoka kwa mwenzake. Mama wa chumba cha pili alimlaumu mpika maandazi. Mpika maandazi alimlaumu kijana anayefuga kuku uani. Kijana alinilaumu mimi na magazeti yangu chini ya kitanda, na kwa kweli hakukosea sana.

Usiku mmoja nikakumbuka alivyokuwa akifanya bibi yangu kijijini. Nilichukua kijiko kimoja cha unga wa sembe, nikaunyunyiza mwembamba sakafuni kandokando ya kuta zote mbili, kuanzia mlangoni kwangu hadi uani. Nikazima taa, nikalala. Alfajiri, kabla mtu hajaamka kufagia, nilitoka na tochi ya simu. Korido ilikuwa imekanyagwa kama stendi siku ya mkesha wa sikukuu. Alama za miguu zilijaa, vidole vinne mguu wa mbele, vitano mguu wa nyuma, na hapa na pale mstari mwembamba pale mkia ulipoburuzwa. Nilizifuata nikiwa nimechuchumaa. Zilitoka chini ya mlango wangu, zikaingia chumba cha pili, zikatoka, zikavuka kwenda kwa mpika maandazi, zikapita kwa kijana wa kuku, zikaishia uani kwenye viroba vya taka vilivyokuwa vikisubiri gari. Chumba kimoja tu zilikiruka: kile ambacho mwenyewe aligongelea kipande cha bati chini ya mlango.

Nikawaita majirani waje waone. Tulisimama pale watu wazima saba, wengine na miswaki mdomoni, tukitazama sakafu. Hakuna aliyekuwa na panya wake. Tulikuwa na ukoo mmoja wa panya, unaozunguka vyumba vitano kila usiku kama mwenye nyumba anayekusanya kodi.

Ombi langu lote limo humo. Panya hapangi chumba kimoja. Ukimfukuza kwako atakuja kwangu, nikimfukuza kwangu atarudi kwako, na katikati ya safari hiyo atazaa. Naomba tuache kumpiga mmoja mmoja, tumkabili nyumba nzima, na tukiweza mtaa mzima, kwa siku moja.

Mtazame kwanza alivyoumbwa, uone kwa nini mtu mmoja hamuwezi. Panya mdogo wa nyumbani, yule tunayemwita kipanya, haombi nafasi kubwa. Tundu linalopokea kalamu ya risasi linamtosha. Mkubwa wa darini anahitaji tundu la upana wa kidole gumba. Meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, kwa hiyo ni lazima atafune ili yapungue: mbao, sabuni, bomba la plastiki, chandarua, hata waya wa umeme. Shoti inayounguza chumba mchana watu wakiwa kazini inaweza kuwa imeanzia kwenye waya uliomenywa na meno hayo. Mimba ya kipanya ni wiki tatu tu, huzaa watano, sita au zaidi kwa mkupuo, na binti yake akifikisha wiki sita hivi naye anaweza kushika mimba. Maana yake, kipanya jike aliyezaliwa na mimba iliyoingia kwako mwanzoni mwa Ramadhani, kufikia Idi ya kuchinja tayari ana watoto, na mama yake kawa bibi.

Pua yake nayo ni habari nyingine. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alikwenda Kambodia kutafuta mabomu, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Panya buku ni jamii nyingine, hana undugu wa karibu na huyu wa darini, lakini anatuonyesha kiumbe wa aina hii ana pua gani na anafundishika kiasi gani. Sasa fikiria chapati uliyoifunika na sahani juu ya friji.

Tungeweza kuishia kwenye hasara ya chapati na nguo zilizotobolewa, lakini afya nayo imo. Julai 2022, watu wa Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi waliugua homa, kichwa, uchovu na kutokwa damu puani, na watatu wakafariki. Hofu ilitanda hadi Wizara ya Afya ilipotangaza kuwa ni homa ya mgunda, ambayo wataalamu huiita leptospirosisi. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na humwingia mtu kupitia maji, chakula au udongo uliochafuliwa, hata kupitia mchubuko mguuni. Kikombe ulichokiacha wazi usiku, ukakitumia asubuhi bila kukiosha, hujui nani alikipitia.

Wazee wa Lushoto wana kumbukumbu nzito zaidi. Tangu 1980, kwa zaidi ya miaka 20, tauni ilirudi mara kwa mara katika vijiji vya milima ya Usambara. Maelfu waliugua, mamia wakazikwa. Tauni hubebwa na viroboto wa panya. Panya akifa, kiroboto humhama na kutafuta damu nyingine, na damu ya karibu ni yako. Kwa hiyo, popote ulipo, ukiona panya wanakufa ovyo bila mtu kuwategea wala kuweka dawa, usiwaguse, na usishangilie. Toa taarifa zahanati au kwa afisa afya.

Sasa tuzungumze kuhusu dawa, maana najua ndilo jibu la kwanza linalotujia. Kijana anapita na kipaza sauti chenye tangazo lililorekodiwa, dawa ya panya, mende, kunguni, sisimizi, mpaka watoto wetu wanamwigiza. Mmoja wetu alinunua paketi isiyoandikwa chochote, akachanganya na dagaa, akaweka chini ya kabati bila kumwambia mtu. Siku ya nne harufu ikaanza. Panya alikuwa amekufia juu ya dari, na si juu ya chumba cha aliyetega. Tukaivumilia harufu hiyo wiki nzima. Siku ya tano paka wa mwenye nyumba akakutwa amelala ubavu karibu na bomba, hainuki tena. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Sisi tuliona.

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya hafi papo hapo. Hukaa siku tatu hadi tano akizidi kulegea, na akilegea hukamatwa kirahisi na paka, kuku au bundi, ambaye naye humeza sumu ile ile. Hivyo tunawaua askari wetu wenyewe. Bundi tunamuua hata bila sumu, kwa mawe, kwa kumwita mleta uchuro, wakati chakula chake kikubwa ni panya. Akitua kwenye mwembe wako, mwache afanye kazi yake.

Anayenitia hofu zaidi ni mtoto anayetambaa. Ikibidi kutumia dawa, nunua dukani iliyo na lebo: jina la dawa, maelekezo na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Iweke ndani ya kiboksi kilichofungwa chenye tundu la panya tu, na uwaambie wote mnaokaa nyumba moja. Ikitokea mtoto kaila, usimtapishe, usihangaike na maziwa wala mafuta. Mbebe na paketi, mkimbilie hospitali. Zile sumu za kuzuia damu kuganda zina tiba, vitamini K, lakini daktari atajuaje kilicholiwa kama paketi haina jina?

Kwa hiyo dawa tuiweke mwisho. Mwanzo ni njaa. Panya anafuata vitu vitatu, chakula, maji na pa kujificha, na vyote vitatu tunampa sisi.

Mchele na unga viingie kwenye debe la bati au ndoo nene yenye kifuniko kinachobana. Kama umeletewa mahindi kutoka kijijini kwenye mifuko ya kinga njaa, kumbuka mifuko ile ni kiboko ya dumuzi, lakini panya anaitoboa kama mfuko mwingine wowote. Ipandishe juu ya chanja, mbali na ukuta, upate kuona nyuma yake. Vyombo vya chakula cha usiku vioshwe usiku huo huo. Ndoo za maji zifunikwe. Chakula cha kuku kiinuliwe jua linapozama. Na magazeti ya chini ya kitanda, nami nimeyatoa, nikampa muuza karanga.

Baada ya njaa, matundu. Chukua tochi na kalamu ya risasi, zunguka chumba. Kila inapopita kalamu, ziba: sindilia ule waya laini wa chuma wa kusugulia masufuria, kisha piga saruji juu yake. Saruji mbichi peke yake huitoboa, lakini chuma kinamkera meno. Chini ya mlango gongelea bati. Panapopita bomba la maji au waya wa umeme kwenye ukuta, hapo ndipo wengi husahau. Na kwenye nyumba kama yetu, ambazo ukuta wa chumba haufiki kwenye bati la paa, panya hutembea juu ya kenchi kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho bila kukanyaga chini. Hapo mpangaji mmoja hafui dafu. Hapo panahitaji fundi, na fundi anahitaji mwenye nyumba.

Kisha mitego. Kosa letu ni kuweka mtego mmoja mwezi mzima. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni, atakizunguka siku kadhaa kabla ya kukiamini. Weka mitego yenye chambo bila kuitega siku tatu nne, azoee kula, kisha itege yote usiku mmoja. Panya hupenda kupita kandokando ya ukuta akipapasa kwa sharubu zake, kwa hiyo upande wa chambo uguse ukuta. Kipande cha nazi iliyochomwa au dagaa wa kukaanga aliyefungwa kwa uzi hakimwachi salama. Mitego ya gundi mimi siipendi, huacha kiumbe akihangaika hadi asubuhi, na vifaranga wa kijana wetu walinasa humo.

Asubuhi yake usikimbilie ufagio. Mavi na mkojo wa panya vikifagiliwa vikavu, vumbi lake unalivuta puani. Fungua madirisha, vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi, mwagia jiki iliyochanganywa na maji, moja kwa kumi, subiri dakika tano, kisha futa kwa kitambaa utakachokitupa. Panya aliyekufa mfunge kwenye mifuko miwili, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Haya yote unaweza kuyafanya kwako peke yako, ukapumua mwezi mmoja. Kisha watarudi, kwa kuwa kwangu hakuna kilichofanyika. Ndiyo maana wito huu nauelekeza kwa kila mmoja mahali pake.

Mpangaji mwenzangu, taka zako usizitoe usiku kwa kuwa gari litapita asubuhi. Usiku huo mmoja ndio karamu yao. Zikae ndani ya ndoo yenye kifuniko, zitoke kukicha.

Mwenye nyumba, mzee wetu, tunakuheshimu na kodi tunalipa. Mfuniko wa chemba uliovunjika ni lango la panya wakubwa, na mwanya wa juu ya ukuta ni barabara yao. Bei ya mifuko miwili ya saruji na siku moja ya fundi ni ndogo kuliko bei ya nyumba iliyoungua kwa shoti.

Mama lishe, mwenye genge na muuza nafaka, mnatulisha, Mungu awabariki. Tunaomba wali uliomwagika usibaki chini ya benchi, na magunia yasilale sakafuni.

Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wetu, usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaujua. Tunafagia mbele ya nyumba, tunapaka chokaa mawe, tunapiga picha. Tunaomba Jumamosi moja iwe ya panya: mitaro izibuliwe, vichaka vya pembeni vikatwe, vyuma na mbao zilizorundikana viondolewe, na usiku wake kila nyumba itege. Muiteni afisa afya wa kata atufundishe, na gari la taka lije siku iliyosemwa. Nyumba kumi zikitega usiku mmoja, panya anayekimbia moja hatakuta mlango wa pili uliolala.

Kuna msemo kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Sisi kwenye korido tulikuwa hivyo hivyo, wengi na hatuchimbi kitu, hadi asubuhi ile ya unga. Jumamosi iliyofuata tulichangishana, tukanunua mitego kumi na miwili, bati na saruji. Kijana wa kuku ndiye aliyepanda kwenye kenchi. Mpika maandazi alitoa mafuta ya kukaangia dagaa. Mwenye nyumba, ambaye tulidhani atakuwa mkali, alikuja na fundi wake kuziba chemba. Nadhani alikuwa bado anamlilia paka. Usiku wa kwanza tulinasa tisa. Wa pili wanne. Wa tatu hakuna.

Wiki tatu baadaye nilinyunyiza unga tena. Nilikuta mstari mmoja tu wa miguu, mdogo, umetoka upande wa uani. Ulifuata ukuta hadi mlangoni kwa mama wa chumba cha pili, ukasimama mbele ya bati, ukaenda kwangu, ukasimama, ukageuka ukarudi ulikotoka. Yule bado yupo nje, yumkini yuko kwako sasa hivi, na ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Basi leo usiku, watoto wakishalala, chukua kijiko kimoja cha unga, nyunyiza kandokando ya ukuta hadi mlango wa nje. Kesho alfajiri usifagie. Mgongee jirani mlango, mpe shikamoo yake kama anastahili, mchuchumae pamoja mtazame alama zinaelekea wapi.